Picha Ikishauzwa: Kinachobaki Mkononi mwa Mchoraji

Mada iliyotolewa katika warsha ya wachoraji na wachongaji, Dar es Salaam

Mada niliyopewa ni namna ya kuishi kwa sanaa kama biashara, mwaka hadi mwaka, bila kuuza vyombo vya ndani kila masika yanapoingia. Najua wengi mmekuja kusikia habari za soko, na soko tutalifikia. Ila ninavyoamini mimi, mchoraji wa nchi hii huanza kushindwa kabla ya kufika sokoni. Anashindwa pale picha inapotoka mlangoni na kila kitu chake kikatoka nayo. Hakuipiga picha kwa simu, hajui nani kainunua, hajui ilimgharimu kiasi gani kuitengeneza, wala hajui kama alichouza ni kitu cha kutundika ukutani au ni ruhusa ya kuchapa fulana elfu moja. Amebaki na noti, na noti zile zina wenyewe wanaozisubiri tangu asubuhi.

Nianze na mzee wetu, maana biashara yake ina mengi ya kutufundisha kuliko vitabu vingi vya ujasiriamali. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alifanya kibarua katika mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta, zile za kupakia milango na baiskeli. Picha ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, ambako wageni walikuwa wakija kununua mahitaji yao, na mkewe ndiye aliyekaa na bidhaa.

Tazameni mpango ule. Vifaa vilipatikana katika duka lolote la rangi, kwa hiyo hakuna siku kazi ilisimama kwa kusubiri meli. Kipande cha hadibodi kilikuwa kidogo kiasi cha kuingia kwenye mizigo ya msafiri. Mahali pa kuuzia palikuwa palepale mnunuzi anapopita na fedha mfukoni. Muuzaji alikuwa mtu wa nyumbani, hivyo fedha ilifika nyumbani nzima. Na mchoraji mwenyewe alipata kazi ya mshahara katika hospitali ya Muhimbili, akawa na cha kula hata picha zilipochelewa kununuliwa. Kuna watu wanawadharau wachoraji wenye kazi ya pili, wanasema hao si wasanii kamili. Mwasisi wa mtindo wa uchoraji unaojulikana kuliko yote nchini alikuwa na kazi ya pili, na kazi ile haikumpunguzia kitu.

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliodhani gari alimokuwamo ni la wahalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu na watu wa kwao, waliiendeleza kazi. Mwaka 1977 wakaungana katika ubia, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Jina la mtu likawa jina la mtindo, na leo utalikuta Stone Town, Arusha, Nairobi na kwenye maduka ya viwanja vya ndege.

Kwa sanaa hiyo ni heshima kubwa. Kwa biashara ina upande mwingine ambao lazima tuutazame bila woga. Kuanzia mwaka 2010 televisheni ya BBC ilionyesha katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi kwa jina la Tinga Tinga Tales, zenye wanyama na rangi za mtindo tunaoujua sote. Hakimiliki hailindi mtindo, hapa kwetu wala ng'ambo. Chui mwenye madoa ya mviringo mbele ya mbuyu anaweza kuchorwa na yeyote. Kinacholindwa ni picha hii hasa, uliyoichora wewe. Kwa hiyo mchoraji ambaye mali yake pekee ni mtindo hana anachoweza kumzuia jirani yake asiwe nacho. Watu kumi wakikaa baraza moja na chui kumi wanaofanana, mnunuzi hana sababu ya kuchagua picha. Anachagua bei, na bei itashuka mpaka kwa yule mwenye njaa kuliko wote siku hiyo. Mmeiona hali hiyo kwa macho yenu, na wako humu ndani wanaoiishi leo.

Bei

Hapa naomba tukae kidogo, na kila mmoja atoe kalamu. Nimewauliza wachoraji wengi wanapangaje bei, na jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba wanamtazama mteja. Mzungu ana bei yake, Mhindi ana bei yake, mwenzetu ana bei yake. Kumtazama mteja ni jambo la mwisho kabisa. Kwanza ujitazame wewe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchoraji ana picha ya sentimita 60 kwa 80. Kitambaa cha amerikani, mbao za fremu, rangi ya kutangulizia, rangi zenyewe na kuchakaa kwa brashi vinafika shilingi 38,000. Hiyo ndiyo hesabu ambayo karibu kila mtu anaifanya, akishamaliza anasema picha nikiiuza 80,000 nimepata faida. Bado. Kila mwezi analipa pango la banda, umeme, bando la simu, nauli na vidogo vidogo, jumla 300,000. Anachora picha sita kwa mwezi, lakini akichukua mwaka mzima, miezi ya wageni na miezi ya mvua, wastani wa zinazouzwa ni nne. Agawanye kwa nne, asigawanye kwa sita, kwa sababu picha iliyolala ukutani hailipi pango. Kila picha inabeba 75,000. Picha ile ilimchukua siku tatu. Akijilipa 30,000 kwa siku, ujira ambao fundi mzuri wa ujenzi hatashangaa kuusikia, ni 90,000. Jumla imefika 203,000, na hapo hajaweka hata senti ya akiba. Aongeze 22,000 za kuchakaa kwa vifaa na siku za kuugua. Picha hii, kutoka mkononi mwake, ni 225,000.

Sasa duka la hoteli linasema, lete picha zako, tunachukua asilimia 40. Wengi huongeza asilimia 40 juu ya 225,000, wanapata 315,000, wanaona mambo yamekaa sawa. Lakini duka linakata asilimia 40 ya bei ya dukani, si ya bei yako. Asilimia 40 ya 315,000 ni 126,000. Anabaki na 189,000, chini ya zile 203,000 alizotumia. Ameuza, amepongezwa, na amepata hasara ya 14,000 kwa kila picha. Kadiri anavyouza ndivyo anavyozama. Hesabu sahihi ni kugawanya 225,000 kwa 0.6, inakuja 375,000. Ndiyo bei ya dukani.

Na iwe ndiyo bei ya nyumbani kwako pia. Najua jambo hili linaleta ubishi. Mtu anauliza, mteja amenifuata mpaka bandani, kwa nini nisimpe kwa 225,000? Kwa sababu wageni huongea, na mwenye duka naye husikia. Akijua unauza kwa bei ya chini hivyo kilomita tatu kutoka kwake, ataziondoa picha zako ukutani. Na zile 150,000 za ziada unazozipata ukiuza mwenyewe si za bure, ni malipo ya kazi ya uuzaji uliyoifanya: kupiga picha, kujibu ujumbe usiku, kumpokea mgeni, kufungasha. Mteja akitaka kupunguziwa, na kwetu kila mteja atataka kwa kuwa ndiyo desturi yetu ya kununuana, uwe na kiwango chako kabla hajafika. Mimi nashauri kisizidi asilimia 10. Zaidi ya hapo mwongezee kitu badala ya kumpunguzia bei: mfungie vizuri kwa safari, mpelekee mpaka hotelini, mpe picha ndogo ya posta uliyoichora.

Kuna njia nyepesi ya kuifanya bei isiyumbe. Sentimita 60 mara 80 ni 4,800. Gawanya 375,000 kwa 4,800, unapata shilingi 78 kwa kila sentimita ya mraba. Picha kubwa kidogo unaizidisha kwa hizo hizo 78. Picha ndogo zidisha kwa 90 au 100, maana udogo haupunguzi kazi kwa kiwango kile kile. Ukishakuwa na namba hiyo, mke wako, kaka yako au kijana wa bandani anaweza kutaja bei wewe ukiwa msibani, na itakuwa bei ile ile.

Mali kauli

Picha nyingi za mji huu ziko madukani kwa mali kauli: umempa mwenye duka, akiuza atakulipa. Siupingi utaratibu huu. Kuna wafanyabiashara waliolea sanaa kwa kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1950, hapa hapa Dar es Salaam, Mohamed Peera alinunua na kuwatia moyo wachongaji wa Kimakonde, na kazi ya Samaki Likankoa, aliyetuachia mtindo wa shetani, ilipata nafasi mikononi mwake. Bila mnunuzi wa aina ile huenda mpingo wa Kimakonde usingejulikana duniani mapema hivyo. Mfanyabiashara anayeelewa kazi ni mwenzako, umheshimu na umwambie ukweli.

Lakini mali kauli isiyo na karatasi ni msaada kwa mwenye duka, siyo biashara. Peleka picha na orodha yenye nakala mbili: jina la picha, ukubwa, bei ya dukani, asilimia yake, siku ya kupeleka. Muandikiane atalipa siku ngapi baada ya kuuza, na nani atabeba hasara picha ikiloa, ikipauka kwa jua la dirishani au ikiibwa. Muandikiane pia kwamba baada ya siku 90 unaweza kuchukua zisizouzwa. Zichukue kweli! Picha iliyokaa mwaka dukani imeanza kuonekana kama sehemu ya ukuta, na mteja wa kudumu wa duka lile hawezi kuiona tena. Ihamishie kwingine, itakuwa mpya.

Haki ya mchoro

Sheria yetu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Haki inaanza pale kazi inapotengenezwa. Huhitaji kusajili ili uwe nayo, ingawa kusajili COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kunasaidia sana siku ya ugomvi, kwa kuwa una karatasi yenye tarehe. Haki za kiuchumi zinadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Na kuna haki ya kimaadili, ya kutajwa kuwa ndiye mchoraji na ya kupinga kazi yako kuharibiwa.

Sasa jambo la msingi. Aliyenunua picha amenunua kitambaa, mbao na rangi. Anaweza kuitundika, kuirithisha, kuiuza tena. Kuichapa kwenye kalenda, kadi, kanga, chupa ya pilipili au ukurasa wa mtandaoni wa kuuzia vyumba vya hoteli ni kitu kingine, na kitu hicho bado ni chako mpaka ukitoe kwa maandishi. Tena kinaweza kuuzwa mara nyingi. Picha moja uliyoiuza 375,000 inaweza kukodishwa kwa kampuni ya kahawa kwa ajili ya pakiti, mwaka unaofuata kwa shirika linalochapa kalenda, na baadaye kwa mchapaji wa vitabu vya watoto, na wewe ukiwa umeshika brashi kwenye kazi mpya. Nikisema biashara endelevu ya mchoraji, ninamaanisha hasa hapa. Mikono ni miwili na siku ina saa zake. Anayetegemea kuuza kila siku kitu alichokichora jana hana siku ya kuugua.

Mtu akikujia na maombi ya kutumia mchoro, muulize maswali haya kabla ya kutaja fedha: utaweka kwenye nini, utachapa ngapi, utauza wapi, kwa muda gani, na je, nitabaki huru kumpa mwingine? Fulana mia tano za sherehe ya kampuni si sawa na nembo itakayokaa kwenye malori miaka kumi. Kila jibu linabadilisha bei. Mkishakubaliana muandike na mtie saini wote wawili, hata kama ni ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida. Nawasihi sana muwe macho na maneno kama "haki zote, duniani kote, bila kikomo". Maneno hayo yanajificha zaidi kwenye matangazo ya mashindano ya kuchora. Kampuni inaahidi zawadi kwa watatu, na masharti yanasema kazi zote zilizoletwa, za washindi na za walioshindwa, ni mali ya mwandaaji. Watu mia mbili wametoa michoro mia mbili kwa gharama ya zawadi tatu. Soma masharti hadi mstari wa mwisho, na ukiyakuta hayo, usipeleke.

Na tuwe wakweli kwa upande wetu. Wapo miongoni mwetu wanaochukua kwenye intaneti picha ya simba iliyopigwa na mtu aliyelala wiki nzima Serengeti, wakaihamishia kwenye kitambaa na kuweka saini yao. Mpiga picha naye ana hakimiliki kama sisi. Hatuwezi kulia tunapoibiwa huku tukiiba. Mwombe ruhusa, au nenda ukachore unachokiona: Feri alfajiri, wauza madafu, wavuvi wakitengeneza nyavu Kunduchi. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayokutoa kwenye baraza la chui kumi.

Wanunuzi ni akina nani

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege duniani, wakashuka hadi takriban 620,000. Mnakumbuka ilivyokuwa. Mwenge na Oysterbay palikuwa kimya, Zanzibar vijana waliuza simu zao. Baadaye watalii walirudi, na mwaka 2024 walipita milioni 2. Lakini mchoraji ambaye kila mnunuzi wake anashuka kwenye ndege amejifunga kwa vita, magonjwa na chaguzi za nchi ambazo hajawahi kufika. Hata mwaka wa kawaida una masika yake.

Wanunuzi wa hapa wapo. Angalieni nyumba zinazojengwa Kigamboni, Goba na Njiro. Angalieni ofisi za mawakili, kliniki binafsi, hoteli za Dodoma. Kuta zao zina picha za kuchapwa kutoka Kariakoo, maua ya nchi zisizo na maua yetu. Mwenye nyumba yule ana fedha ya sofa. Kilichomzuia kununua kwako ni kwamba hajui upo, anadhani picha ni kitu cha Wazungu, na bei hulipwa kwa mkupuo. Mwekee utaratibu wa kulipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu, picha akiichukua akimaliza au akishalipa nusu. Mwambie utakuja mwenyewe na nyundo na vipimo, uitundike. Mchoree kitu cha kwao: Ziwa Victoria kwa mtu wa Mwanza, migomba kwa mtu wa Bukoba. Mteja wa hapa ana faida moja kubwa ambayo mtalii hana, nayo ni kwamba anarudi, na akirudi analeta shemeji yake.

Kazi za ukutani nazo nizigusie: shule za awali, migahawa, matangazo. Ni kazi za heshima na zinalipa pango. Hesabu kwa mita ya mraba, rangi ziwe kando ya ufundi, na usinunue hata kopo moja kabla ya kupokea kianzio cha nusu. Jukwaa au ngazi atatoa nani, mvua ikinyesha nani anabeba siku zilizopotea, vyote viandikwe.

Wengine hapa mnaikumbuka Nyumba ya Sanaa. Ilianzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, na ikawa makao ya wasanii kama George Lilanga, Robino Ntila na Patrick Imanjama. Ilikuwa mahali pa kujifunzia, pa kufanyia kazi na pa kuuzia, na jengo lile leo haliko tena mikononi mwa wasanii. Leo tuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, tangu mwaka 2008, na tuitumie vizuri. Lakini nyumba yoyote, hata iwe nzuri namna gani, ina mwenye kiwanja na ina mfadhili. Siku ikifungwa, mchoraji mwenye daftari la majina na namba za watu walionunua kazi yake anaendelea kesho yake. Asiye nalo anaanza upya, na umri umeshakwenda. Kila picha inapouzwa, iwe kwako au dukani, omba jina la mnunuzi, mji anakoishi na namba au barua pepe. Mara mbili kwa mwaka mpelekee picha za kazi mpya na salamu fupi. Usimchoshe kila wiki.

Daftari

Sitarefusha hapa. Daftari moja la kawaida linatosha: namba ya picha, jina lake, ukubwa, tarehe ya kumaliza, gharama, iko wapi, imeuzwa kwa nani, kwa bei gani. Piga picha kila kazi mchana kivulini kabla haijatoka, mbele na nyuma penye saini. Fedha za kazi zipite kwenye lipa namba yake, zisichanganyike na za mboga. Kisha ujilipe kila mwisho wa mwezi kama unavyomlipa kijana wa bandani.

Kuna wanaoogopa daftari kwa sababu ya kodi ya TRA. Hesabu inawapinga. Kwa viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Umeuza milioni 5? Kwa daftari unalipa 30,000. Nenda na daftari lako ofisi ya TRA ya eneo lako wakuthibitishie viwango vya mwaka huu, maana hupitiwa kila bajeti.

Daftari ndilo pia litakalokuonyesha wakati wa kukopa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha wasanii, na vikundi vya akiba viko kila mtaa. Mkopo wa kununua mashine ya kukatia fremu, ambayo daftari linaonyesha italipa kwa miezi minane, ni wa busara. Mkopo wa kula masika utakufanya uuze picha za kiangazi kwa bei ya kutupa. Badala yake weka sehemu ya mauzo ya Julai hadi Oktoba kwa ajili ya Machi hadi Mei, na kama unaweza, changia NSSF, ambayo inapokea waliojiajiri wenyewe.

Wenye vijana wanaojifunza bandani, jambo moja. Desturi hii ya kufundishana ndiyo iliyoibeba kazi ya Tingatinga baada ya kifo chake, na mzee Lilanga naye alifanya kazi na wasaidizi, hasa ugonjwa ulipomzidi. Ni desturi nzuri. Ila kijana ajue tangu siku ya kwanza analipwaje, kwa picha au kwa fungu, na picha iliyochorwa na mikono mitatu isiuzwe kama ya mkono mmoja. Mnunuzi akiambiwa ukweli hununua vilevile.

George Lilanga alifariki mwaka 2005. Kwa kipimo cha sheria yetu, haki juu ya kazi zake zinaendelea mpaka mwisho wa mwaka 2055, kwa warithi wake. Fikirini muda huo: mjukuu anaweza kuzaliwa, kusoma na kuoa ndani yake. Tazameni na Kenya. Marekebisho ya sheria yao ya hakimiliki ya mwaka 2019 yanampa mchoraji asilimia 5 ya bei halisi kazi yake inapouzwa tena na wafanyabiashara wa sanaa, na Nairobi imekuwa na minada ya sanaa ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2013. Picha aliyoitoa mtu kwa bei ya kodi ya mwezi inaweza kurudi mnadani kwa bei ya kiwanja. Lakini fungu hilo linalipwa kwa anayeweza kuonyesha kwamba kazi ni yake, na warithi wetu wengi hawatakuwa na cha kuonyesha. Wataonyesha nini, ikiwa sisi wenyewe hatuna hata picha ya simu? Mwambie mtu mmoja nyumbani daftari linakaa wapi. Andika wosia, taja humo michoro na haki zake, kama unavyotaja shamba.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, na sehemu inayobaki ni ya kufanya kazi kwa mikono. Kwenye viti vyenu nimeweka karatasi za mauzo zenye nakala mbili. Zina nafasi ya jina la picha, ukubwa, mwaka, bei, jina na mawasiliano ya mnunuzi, na chini kabisa pameandikwa kwamba hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Baada ya chai tutakaa makundi ya watu watano watano. Kila mmoja achague picha moja aliyoiuza mwaka huu, aijazie karatasi hiyo, na upande wa nyuma apige hesabu ya gharama kama tulivyofanya, akigawanya pango kwa picha zilizouzwa. Atakayekuta nafasi ya mnunuzi iko wazi, ampigie simu mwenye duka au dalali wake leo hii, kabla hatujafunga saa kumi, amwombe jina.